Kumtoa Mhina Hotelini Kabla ya Saa Sita

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo Uhispania na mume wangu Mhina, tumesimama mbele ya hoteli moja ya kale mjini Toledo, na mlango wa hoteli unatukagua viatu. Ni mlango wa mbao nene, wenye misumari ya vichwa vikubwa kama vitumbua, na una tabia ya kukohoa kabla ya kusema. Ulikohoa, ukasema viatu vya Mhina vinafaa kwa kuwa vimeshachakaa, ila vyangu ni vipya mno kwa nyumba ya kihistoria. Nikavivua, nikavipaka vumbi la barabarani, nikavivaa tena. Mlango ukasema hapo sawa.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kubabaishwa na hoteli. Nina gesti yangu Tanga, Ngamiani, na kazi naijua. Nikishika shuka kwa vidole viwili nakwambia limeanikwa juani au ndani. Wageni wangu wanapata ndoo ya maji moto, kandambili za kuogea, na chandarua kisicho na tundu. Kwa hiyo tangu pale mlangoni nilikuwa nakagua, ndoto au si ndoto. Tulikuwa tumekwenda matembezi ya siku chache kwenye miji ya kale, kulala kwenye majumba ya kale. Ndoto haikusema wazo hilo lilikuwa la nani, nami sikuuliza.

Mhina hakuwa anakagua chochote. Mhina alikuwa anatafuta kitanda. Tangu astaafu kazi ya reli, mume wangu amekuwa mtu wa kulala. Analala mpaka adhuhuri, anaamka, anakula, anajinyoosha tena. Ukimuuliza ana nini, anasema hana kitu, anapumzika. Habari za mtaa hazitaki, barazani haendi, na mimi nikipita na fagio ananyanyua miguu bila kufumbua macho. Huyu ni mtu aliyekuwa akimjua kwa jina kila muuza machungwa wa kila stesheni, kutoka Tanga mpaka Korogwe na kuendelea. Inaniuma, sitaficha.

Hoteli ile zamani ilikuwa nyumba ya watawa, na mapokezi yake ni kabati la mbao la mviringo lililopachikwa ukutani. Unaweka kitu, kabati linazunguka, na mtu wa upande wa pili humwoni, unasikia sauti tu. Niliweka pasipoti zetu, kabati likazunguka, likarudi na biskuti mbili za lozi. Nikarudisha biskuti moja, likaleta ufunguo wa chuma mrefu kama mwiko. Biskuti iliyobaki nikaila kabla hawajabadili mawazo.

Ndipo sauti ya mama mtu mzima ikatueleza masharti ya nyumba. Kuta zisiguswe, zina mtekenyo. Atakayejiwekea kibao cha kutosumbuliwa, hatasumbuliwa. Na kila mgeni atoke kabla ya saa sita mchana, kwa sababu chochote kitakachokutwa ndani saa sita ni cha kale, na cha kale hakitolewi nje ya jengo.

Nikamwambia kwangu mimi mwisho ni saa nne.

"Hongera," sauti ikasema, na kabati likajizungusha kuonyesha kwamba maongezi yamekwisha.

Lifti yao haina ghorofa. Ina karne. Mhina akauliza vitanda laini viko wapi, lifti ikamwambia ajaribu karne ya kumi na saba, watu wa wakati ule walikuwa na manyoya ya bata mengi. Mimi nikauliza choo cha ndani kinaanzia karne gani. Lifti ikafikiri, ikasema cha maana ni kuanzia ya ishirini. Nikasema basi tutakuwa tunapanda na kushuka usiku kucha, maana umri wetu si wa kuvumilia. Nilikuwa bado nasema Mhina akabonyeza kumi na saba.

Chumba chetu kiliitwa Chumba cha Markesa. Markesa ni cheo cha bibi mkubwa wa kule, mwenye mashamba na watumishi, na mwenyewe alikuwa pale ukutani kwenye picha ya rangi, nguo nyeusi, kola nyeupe pana inayomzuia kuiona mikono yake. Mtu anayekupita umri kwa karne nzima nzima huwezi kumpita hivi hivi. Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, bibi."

 Midomo ya picha ikafunguka, rangi ikapukutika kidogo, na bibi akasema wageni wanaingia humu, wanampiga picha, wanamcheka pua, wanazima taa. Tangu rangi yake ikauke hajatokea wa kumwamkia. Akauliza hiyo inajibiwaje. Nikamfundisha. Akaijaribu chini chini, akasafisha koo, akasema, "Marahaba, mwanangu." Akaipenda, akaendelea kuirudia mpaka nikamwambia bibi, yatosha.

Nyuma yangu Mhina alikuwa ameshaliona godoro. Nalo lilikuwa limeshaanza kujitapa. Limelaliwa na wafalme wawili, askofu mmoja, na jemadari aliyelala na buti, na wote, likasema, walikuwa walalaji wa hovyo. Wafalme walikuwa wanaamka kukojoa. Askofu alikuwa na mawazo. Mhina akalibonyeza kwa ngumi, likaguna kwa raha. Akachukua kile kibao cha kutosumbuliwa kilichoning'inia kwenye kitasa, akakivaa shingoni, akajifunga kikoi chake, akajilaza.

"Hatimaye," godoro likasema.

Mimi nikaendelea na ukaguzi. Ndoo hakuna. Kandambili hakuna. Nilikuwa nainua pazia kutazama vumbi lake niliposikia nyundo. Juu ya kitanda, kwenye ngazi ambayo sikuiona ikiletwa, kulikuwa na fundi wa mawe anachonga maandishi kwenye jiwe jeupe. Alikuwa ameshachonga HAPA ALILALA, na sasa anaanza M.

Nikamuuliza anamwandika nani. Akasema mgeni wa chumba hiki. Nikamwambia mgeni wa chumba hiki ataamka muda si mrefu, tuna safari ya Sevilla. Fundi akanitazama kwa huruma. Alikuwa mtu mpole, nyusi zake zimejaa vumbi la mawe. Akasema kazi yake huisha saa sita, na akaniomba nitoke ukumbini nikawaone wengine.

Natoka. Milango yote iko wazi. Juu ya kila kitanda kuna jiwe, Hapa Alilala fulani, na chini ya kila jiwe yupo huyo fulani, kibao shingoni, amelala. Mmoja ana upanga kiunoni. Mwingine ameshika kikombe cha chokoleti iliyoganda kabla babu yangu hajazaliwa. Watalii wanapita na simu zao. Mama mmoja mwenye kitambaa anawapangusa vumbi puani, mmoja baada ya mwingine. Namuuliza kama wamekufa. Anasema hapana, wamehifadhiwa, na ananiomba nisisimame kwenye zulia.

Hapo niliogopa, tena kweli kweli. Nikajiona narudi Tanga peke yangu, namweleza binti yetu Riziki kwamba baba yake sasa ni kitu cha kale, yupo Uhispania, anaonekana siku zote isipokuwa Jumatatu. Nikarudi chumbani mbio.

Nikamwambia Mhina, Baba Riziki, amka tunaondoka. Maneno yalitoka kinywani vizuri, yakaenda mpaka karibu na sikio lake, yakagonga kitu kisichoonekana, yakaanguka sakafuni. Niliyasikia yanadondoka. Nikayaokota, yalikuwa madogo na magumu kama kunde kavu. Nikapaza sauti, yakaanguka makubwa zaidi. Nikamwambia timu yake imefungwa. Nikamwambia pilau imeiva. Nikamwambia shangazi yangu amekuja kukaa mwezi mzima. Sakafu ikajaa, ikabidi niombe fagio. Nikammwagia jagi la maji, maji yakakata kona hewani, yakamwagikia godoro, nalo likasema halijawahi kudharauliwa namna hii hata na yule jemadari wa buti.

Kule juu fundi alikuwa amemaliza M na anapuliza vumbi kwenye H.

"Hatasumbuliwa, mwanangu," Bibi Markesa akaniambia. "Ndilo sharti."

Nikatoka nje, nikaegemea ukuta, ukuta ukacheka, nikasimama wima. Nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa kumtaka mume wangu, kwa sababu niliona kwamba kwetu nyumbani nako ndivyo tunavyoishi siku hizi: mimi nasema, maneno yanaanguka, nafagia. Mlango ukajifunga nyuma yangu taratibu, nami sikuwa na nguvu ya kuuzuia.

Sasa, kwenye gesti yangu nina desturi ambayo siivunji. Mlango uliofungwa siufungui bila hodi, hata kama ufunguo ninao mkononi, hata kama najua fika kwamba ndani hamna mtu. Imeshaingia mwilini. Kwa hiyo nilipofuta machozi kwa mtandio na kutaka kurudi ndani, sikufikiri. Niligonga kwa vidole, nikakohoa, nikasema kama ninavyosema kila siku ya Mungu:

"Hodi."

"Karibu," Mhina akajibu kutoka ndani.

Nilibaki mkono hewani. Sauti ilikuwa yake, nzito, ya usingizini. Nikarudia, hodi humu ndani, naye akaitika karibu, karibu, pita tu. Nikafungua. Mhina ameketi kitandani, kibao shingoni, macho yamefumbwa, anarekebisha kikoi chake vizuri. Bado amelala fofofo. Lakini mgeni amepiga hodi, na mtu wa kwetu hata umpe usingizi wa namna gani, hodi lazima aiitikie.

Bibi Markesa alinikonyeza kutoka kwenye fremu, akanong'ona kwamba nisithubutu kusema mimi ni nani. Mke husumbua, akasema. Mgeni hasumbui, mgeni anakaribishwa. Alisema hivyo kama mtu anayeyajua mambo ya ndoa.

Basi nikaingia kama mgeni. Mhina akaliamuru godoro lisogee nipate pa kukaa, likasogea kwa kununa. Akaniuliza habari za nitokako, nikasema njema. Akauliza watoto, nikasema hawajambo. Akauliza mvua, bei ya nazi, majirani, akaniomba radhi kwamba nimemkuta hana hata chai ya kunipa. Macho yamefumbwa muda wote huo, uso umenielekea, anatabasamu. Kisha akainamisha kichwa.

"Na wewe mwenyewe, bibie?" akasema. "Nakusikia kama umechoka."

 Tangu arudi nyumbani kwa kustaafu, Mhina hajaniuliza kama nimechoka. Nilimwonea wivu yule mgeni, na mgeni ni mimi. Nikajisahau kabisa, nikamshika mkono nikamwambia Baba Riziki, mimi hapa. Palepale shingo ikalegea, kichwa kikaanza kwenda kwenye mto, na godoro likajikunjua kumpokea. Nikauachia mkono haraka, nikamwambia samahani, nimekufananisha. Akakaa sawa tena, akasema haina neno, sura za watu zinafanana.

Juu yetu fundi alikuwa ameanza I. Nikaona hapa hapana muda wa kulia wala wa kufurahi. Nikasimama, nikasema maneno pekee yanayomwinua mwenyeji kitini.

"Basi, mimi naomba ruhusa."

Akasikitika, mbona mapema hivyo, hata hujala. Nikasema ni safari. Akatafuta viatu vyake kwa miguu, akakuta kandambili ambazo mimi kwenye ukaguzi sikuziona, akazivaa.

"Haya, nikusindikize," akasema, akainuka.

Godoro lilipiga ukelele, ila la kufanya halikuwa nalo. Mtu anayemsindikiza mgeni hajasumbuliwa na yeyote, ameinuka kwa hiari yake. Bibi Markesa akaniaga kwa macho. Tukatoka ukumbini, mimi mbele, Mhina nyuma, na nyuma ya Mhina fundi wa mawe, jiwe kwapani na patasi mkononi, anachonga huku anatembea na anaomba radhi kwamba kazi ni kazi.

Mlango wa kwanza haukutupeleka kwenye lifti. Ulitupeleka kwenye ua wa hoteli nyingine mjini Cordoba, ua wenye vyungu vya maua vilivyotundikwa mpaka juu ya kuta. Ikawa dhahiri kwamba hoteli zote za kale za nchi ile zimeunganishwa kwa ndani, na mlango wa nje ni mmoja tu, haujulikani uko wapi. Mhina akasimama kizingitini. Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Msindikizaji hafiki mbali, kila mtu anajua hivyo. Akanipa mkono.

"Basi, bibie, mimi niishie hapa. Wasalimie sana."

Akigeuka ni godoro. Akili ikanizunguka. Halafu nikakumbuka jinsi tunavyoagana sisi watu wa Ngamiani. Mgeni anaaga kitini, na mazungumzo yenyewe yanaanzia mlangoni. Nikamshika kidogo mkono wa kuagana, nikamuuliza hivi amesikia yaliyotokea kwa Bi Mwanamkasi, yule jirani yetu muuza udi na ubani.

Mhina, ambaye nyumbani habari za mtaa hazitaki, akasogea hatua moja. Akauliza yepi.

Nikaanza kutunga. Nikasema mjukuu wa Bi Mwanamkasi ameletewa posa. Akasema hiyo si habari. Nikasema ameletewa posa mbili, siku moja, saa moja, na washenga wote wawili wamegongana mlangoni kila mmoja na sinia lake kichwani. Mhina akasema lahaula. Nikaanza kutembea huku nasema, akanifuata. Vyungu vya maua vilikuwa vinajipinda kutusikiliza, kimoja kikadondosha udongo mgongoni kwa fundi.

Tukavuka ua, tukapita chini ya tao, tukajikuta kwenye hoteli ya Granada, jumba la kale la wafalme, maji yanapita kwenye mifereji myembamba sakafuni. Mhina akakumbuka kwamba ametoka mbali na chumba, akasimama, akasema sasa bibie kwa kweli niishie hapa. Maji yakasimama pia.

Nikamwambia sawa, arudi tu, ila asije akalaumu mtu kwamba hakuambiwa walivyogombana. Akauliza wamegombana nini. Nikasema wamegombania hodi. Mshenga wa kwanza anasema hodi yangu ilitangulia, mshenga wa pili anasema yako ilitangulia lakini karibu niliitikiwa mimi. Mhina alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanze kulala, kicheko cha tumboni, kibao kinarukaruka kifuani. Akaanza kutetea upande mmoja, anasema mwenye haki ni aliyeitikiwa karibu, maana hodi bila karibu ni kelele tu. Nikambishia kwa makusudi. Tukaenda tunabishana, maji yanatufuata kwa kupanda ngazi ili yasipitwe, na fundi yuko nyuma ananung'unika kwamba N ni herufi ngumu kuichonga kwenye ngazi.

Mwisho wa ngazi palikuwa na mlango mkubwa uliofunguliwa, na nje ya mlango palikuwa na barabara. Sevilla. Jua linawaka, farasi anavuta gari, watu wanakunywa kahawa kando ya njia, na kengele ya kanisa kuu inaanza kugonga saa sita.

Mimi nikatoka. Nimesimama nje kwenye jua. Mhina yuko ndani, vidole vya miguu vimegusa kizingiti, macho bado yamefumbwa. Nyuma yake fundi ameliinua jiwe, HAPA ALILALA MHIN, na patasi inaanza mstari wa mwisho. Anachonga bila chuki, anaonekana hata yeye hapendi.

"Basi, bibie," Mhina akasema. "Hapa ndipo mwisho kabisa. Uende salama."

Ninamwambia ahsante. Ninamwambia ameniheshimu sana. Halafu ninashusha sauti, kama tunavyoshusha habari inapofika penyewe. Ninasema Bi Mwanamkasi alipochoka na kelele zao aliyachukua masinia yote mawili, akayaweka chini, akasema sitaki maneno, nitaangalia vilivyoletwa. Mhina anainamisha sikio. Kengele inagonga. Ninarudi nyuma hatua moja, ninashusha sauti zaidi. Ninasema akashika kawa iliyofunika sinia la kwanza, akafunua, na chini ya kawa, huwezi kuamini, chini ya kawa mlikuwa na

Mhina ananyanyua mguu ili anisikie vizuri, na hapo nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, gesti yangu ile ile, Ngamiani, jogoo wa jirani anawika kwa kuchelewa.  Nikageuka upande wa Mhina. Kitanda kitupu. Shuka limesukumwa pembeni na mto umepoa. Nilijiambia wamembakiza. Najua ni ujinga, lakini ndivyo nilivyojiambia, na nilitoka mbio bila mtandio, nikapita ukumbini kwenye vyumba vya wageni bila hata kuwasalimu, nikafungua mlango wa mbele.

Mhina alikuwa barabarani. Amesimama katikati ya njia na kikoi chake, kandambili amezivaa kushoto kulia, anatazama huku na huku. Mtu ambaye hajatoka nje asubuhi tangu astaafu. Muuza maandazi alikuwa amesimamisha baiskeli yake anamsalimia kwa mshangao, na Mhina alikuwa anamjibu na kumuuliza habari za mama yake.

Nikamuuliza anafanya nini huku. Akakuna kichwa, akasema hata yeye haelewi vizuri. Anahisi alikuwa anamsindikiza mgeni fulani, mama mmoja, mcheshi, ana maneno huyo! Akamfikisha mpaka nje, kutupa macho hayupo. Akanitazama usoni, akasema mbona Mama Riziki una macho mekundu, umechoka? Nikasema kidogo. Akanishika bega.

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, muuza maandazi asisikie.

"Eti kwa Bi Mwanamkasi, chini ya kawa mlikuwa na nini?"

Mjukuu wa Bi Mwanamkasi bado anasoma chekechea. Hajaletewa posa na mtu. Habari ile niliitunga mimi, mlangoni Cordoba, na sijamsimulia kiumbe mwingine. Nilimtazama mume wangu amesimama juani, ananisubiri nijibu, na nikaona nikimwambia ukweli ataingia ndani akalale. Nikamwambia abadilishe kandambili zikae miguu yake, tutembee mpaka Raskazone, nitamwambia njiani. Njia ni ndefu. Kabla hatujafika nitakuwa nimeshapata cha kuweka chini ya kawa.